Kicheko cha Somo kiko mabegani

Jumamosi iliyopita nilikuwa barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, napachika zipu kwenye gauni la sare ya harusi, pini nne nimezibana mdomoni. Akaja mteja kuchukua dera lake, akamkuta binti yangu ameketi juu ya furushi la vitambaa anatafuna kashata. Akamtania: "We bibi, ukimaliza hiyo kashata usije ukaila na cherehani ya mama yako, tukakosa nguo za sikukuu." Mtoto akamtazama. Uso haukutikisika. Yule dada akangoja kidogo, kisha akaniinamia, akaninong'oneza: "Mama Somo, nimemuudhi mtoto?"

Hakuwa ameudhika. Alikuwa anacheka mpaka furushi linatikisika. Mabega yanapanda na kushuka, vidole vya miguu vimejikunja, na kooni kuna kile kisauti chake kama cha njiwa. Nikatoa pini mdomoni nikasema, "Anacheka huyo. Mtazame mabega." Akatazama, naye akaangua kicheko, wakacheka wote wawili.

Usiku nikawaza nimelisema neno hilo mara ngapi ndani ya miaka 9. Mtazame mabega. Nimewaambia wateja, mashemeji, walimu, makonda wa daladala. Leo naliandika.

Jina lake la shuleni nalihifadhi. Nyumbani ni Somo, kwa sababu alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na bibi tangu siku ya kwanza anamwita "somo yangu", nasi wengine tukafuata. Alizaliwa na kitu kinachoitwa sindromu ya Moebius. Uso wake hausogei pande zote mbili, na macho yake hayaendi kulia wala kushoto. Si ugonjwa wa kuambukiza, na hauongezeki kadiri anavyokua. Na akili yake ni timamu. Hilo nalisema mapema kwa kuwa ndilo swali watu wanalolizungukazunguka wakiona haya kuliuliza.

Alipozaliwa alilia kwa sauti, lakini uso haukulia. Mimi nilidhani ni uchovu wangu. Aliyegundua ni mama mkwe, usiku wa pili, alipoinua taa ya simu kumwangalia mjukuu wake aliyelala akakuta kope ziko wazi na weupe mtupu wa macho ndio unaoonekana. Alidhani mtoto amefariki. Alipiga ukelele uliowaamsha majirani. Kumbe mtoto amelala fofofo, mboni zimepanda juu tu, kama zinavyopanda za watu wengi wakilala, ila sisi wengine tunazo kope za kufunika.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Bibi alikuwa akiirudia methali ile kila mara kwa masikitiko, na Somo alipokua akaichukua kuwa yake. Nitaifikia.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya maziwa. Mtoto ananyonya kwa midomo kubana na mashavu kuvuta, naye hana kimoja wala kingine. Maziwa yalikuwa yanamwagikia shingoni huku mimi najilaumu. Nikajifunza kukamua, nikawa namlisha kwa sirinji isiyo na sindano, mililita mbili mbili, nimemwegemeza wima ili asipaliwe. Nilikuwa nashona usiku na kukamua alfajiri. Sitaki kukaa sana hapo. Tulivuka.

Na mguu wa kushoto ulikuwa mguu kifundo, unyayo umegeukia ndani. Huo ulipata tiba yake Dar es Salaam kwa njia ya Ponseti: kila wiki mguu unanyooshwa taratibu, unafungwa hogo jipya, kisha baadaye viatu vyenye chuma katikati vya kulalia. Nilikaa kwa wifi yangu Temeke karibu miezi miwili. Leo Somo anaruka kamba, na mguu wenyewe ukiuangalia haraka hutajua.

Lakini uso? Kwa uso tulizungushwa. Mmoja alituambia ni kiharusi alichopata tumboni. Mwingine akaona makengeza tu, akasema yatatoka yenyewe akifika miaka 5. Jirani akasema mtoto katazamwa na jicho baya. Bibi akamwandikia kombe, nami sikumkataza. Mtoto alikuwa wake pia. Ukihesabu, kulikuwa na mtu wa mguu, mtu wa macho na mtu wa kumlisha, kila mmoja na kipande chake, na vipande havijaunganishwa.

Aliyeviunganisha ni daktari wa watoto, Somo akiwa na miaka 3. Alimkalisha mapajani mwangu, akaniambia nimshike kichwa kwa viganja viwili kisigeuke. Akatoa kalamu yenye kifuniko chekundu, akaipandisha juu: macho yakapanda. Akaishusha: macho yakashuka. Akaipeleka kulia. Macho yakabaki palepale. Nikahisi kichwa cha mwanangu kinasukuma kiganja changu cha kushoto, shingo nzima inataka kuifuata ile kalamu, na macho yamesimama katikati kama yamepigiwa msumari. Kushoto vilevile. Daktari akaweka kalamu mezani, akauliza, "Na mguu ule alizaliwa nao?" Sikuwa nimemwambia habari ya mguu. Aliona kovu dogo la kisigino.

Kisha akanichorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Akasema kwenye ubongo zinatoka jozi 12 za neva zinazokwenda kichwani na usoni, kila moja na kazi yake. Neva ya sita ina kazi moja tu: kuvuta jicho kwenda nje, upande wa sikio. Neva ya saba ndiyo yenye uso: kutabasamu, kukunja kipaji, kubana midomo, kufumba macho. Kwa Somo hizo mbili hazikujengeka sawasawa tangu akiwa kiumbe cha wiki chache tumboni. Nikamuuliza mbona macho anafumbua vizuri. Akafurahi kwa swali lile. Akasema kufumbua ni kazi ya neva ya tatu, nayo nzima. Kufumba ndiko kwa ya saba. Mlango una mtu wa kuufungua, wa kuufunga hayupo.

Mchoro ule ninao mpaka leo, nimeubandika ndani ya mlango wa kabati. Umenieleza mambo mengi niliyokuwa nikiyaona bila kuyaelewa. Kutafuna anatafuna, kwa sababu taya ni za neva ya tano, lakini chakula kinajificha shavuni maana shavu halikisukumi kurudi katikati. Mpaka leo akila ubwabwa humaliza kwa kupitisha kidole ndani ya shavu, na mswaki kwake si jambo la asubuhi tu. Ukimbusu shavuni anahisi, tena vizuri. Kuhisi uso nako ni kwa neva ya tano. Baba yake, akirudi kutoka baharini na ndevu zake zenye chumvi, akimbusu tu, mtoto anapiga kelele kuwa zinamchoma.

Daktari aliniandikia jina. Paul Julius Möbius alikuwa tabibu wa neva wa Leipzig, Ujerumani, aliyeielezea hali hii mwaka 1888. Daktari wa macho, Alfred Graefe, alikwisha kuandika juu yake mwaka 1880, ila jina likabaki kwa Möbius. Alizaliwa tarehe 24 Januari 1853, na ndiyo sababu tarehe 24 Januari imefanywa siku ya watu wenye hali hii. Wanakadiria mtoto 1 kati ya 50,000 hadi 500,000. Mimi nilipolisikia jina nililia, lakini si kwa huzuni. Kwa miaka 3 nilikuwa na mtoto ambaye kila mtu ananiuliza ana nini nami sina neno la kujibu.

Neno moja lakini halikufuta swali jingine, na hili ni zito. "Ulimeza nini ukiwa na mimba?" Niliulizwa na shangazi wa mume wangu, mbele za watu, kwenye ukumbi wa matanga. Sikumeza kitu. Nilijibu hivyo nikatoka nje, nikasimama chini ya mwarobaini mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Baadaye nilimuuliza daktari, faragha, maana lile swali lilikuwa limeniingia. Akaniambia ukweli wote bila kunificha: iko dawa, misoprostol, ambayo hospitalini huokoa maisha kwa kuzuia damu baada ya kujifungua, lakini ikitumiwa mwanzoni mwa mimba kujaribu kuitoa, na mimba isitoke, imehusishwa na watoto kuzaliwa na Moebius, madaktari wa Brazili waliliona hilo sana. Wapo pia watoto ambao wamekutwa na kasoro kwenye jeni. Mwaka 2015 watafiti walizitaja mbili, PLXND1 na REV3L. Walio wengi lakini hutokea wenyewe tu, pengine damu ilipungua kufika kwenye shina la ubongo katika wiki zile za mwanzo, na mama hakufanya lolote.

Naliandika hili kwa ajili ya mama mwingine aliyesimama chini ya mwarobaini wake. Na hata kama wewe ulimeza, dada yangu, mtoto yupo mbele yako na macho yake yanakauka. Anza na macho.

Macho yenyewe ndiyo kazi ya kila siku. Mtu asiyepepesa, vumbi likiingia linakaa. Mchana anatiwa matone ya machozi ya bandia, chupa iko kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Akipanda bodaboda lazima miwani, upepo wa dakika 10 unatosha kumwachia macho mekundu mpaka jioni. Usiku ndipo tunapofika kwenye methali ya bibi. Akishavaa nguo za kulalia ananiita: "Nana, shusha tazia."

Nakaa kwenye ukingo wa kitanda. Navuta kope ya chini kwa kidole, napitisha mstari mwembamba wa dawa ya kupaka, mwembamba kama uzi wa kudarizi. Kisha kwa kidole gumba nashusha kope ya juu taratibu. Inashuka bila ubishi, laini, na chini yake nahisi jicho linazunguka kidogo kutafuta mahali. Nabandika kipande cha plasta ya karatasi, kutoka kope hadi shavuni. Jicho la pili hivyohivyo. Kuanzia hapo haoni, na ndipo anaponisimulia mambo ya shule aliyokuwa ameyafungia moyoni mchana kutwa. Nimeyajua mengi nikiwa nimemshika mkono gizani.

Ndiyo, "nana". Na "tazia". Nadhani sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtihani wetu hapa. M, b na p zinataka midomo igusane, na hebu hesabu maneno yetu yanayoanza kwa m. Mtu, mtoto, mti, maji, mama. Somo hana midomo ya kugusanisha, kwa hiyo ulimi ukajitolea kufanya kazi ya midomo. Maji yakawa "naji". Embe likawa "ende". Mama ikawa "nana". Na baba, maskini, ikawa "dada". Baba yake alirudi pwani siku moja, mtoto ana miaka miwili na nusu, akamkimbilia na ule mguu wake akiita "Dada! Dada!" Vijana waliokuwa wanapakua samaki wakacheka. Yeye akambeba begani akawaambia, "Ndiyo, mimi ndiye dada yake." Aliniambia mwenyewe, na machozi yalimlengalenga.

Mtaalamu wa matamshi alitufundisha ujanja: ncha ya ulimi iguse mdomo wa juu, si nyuma ya meno. Inatoka m ambayo si m kamili lakini sikio linaipokea. Tulifanya mazoezi kwa vijiti vya kashata, namwonyesha mahali pa kugusa na utamu unabaki hapo. Sasa mgeni akikaa naye nusu saa anamwelewa. Kwa simu ndiyo vizuri zaidi. Bibi husema kwenye simu mjukuu wake ana bashasha kuliko wote. Mimi mwenyewe aliniambia akiwa na miaka 7 kwamba anaweza kusema "mama" ya kawaida akitaka, ila "nana" ni ya kwangu. Basi ikabaki.

Shule. Darasa la pili aliletwa nyumbani na barua. Mwalimu aliandika kuwa mtoto ana dharau, akikaripiwa hukodoa macho bila haya, hana hata dalili ya kujuta, ana uso mkavu. Nilipovua sare yake nikakuta alama za fimbo mapajani. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema alisema samahani mara tatu, mwalimu akamwambia mbona hata hasikitiki.

Sikulala. Asubuhi nilikwenda na mchoro wangu wa kabatini. Nilimweka mwalimu mbele ya kioo kidogo cha mkobani, nikamwomba ashike midomo yake kwa vidole isisogee, kisha aombe msamaha. Alijaribu. Alinyamaza muda. Simchukii, lakini siku ile sijaisahau na sidhani kama natakiwa kuisahau. Sisi tumelelewa kumsoma mtoto usoni: amenuna, amekunja uso, ameona aibu, ana haya. Mtoto asiyesomeka usoni anapewa tafsiri, na tafsiri ya kwanza ni utovu wa adabu.

Mwalimu wa darasa la tatu ni mtu mwingine. Yeye alimwita Somo akamuuliza, "Unaona vizuri ukikaa wapi?" Somo akachagua dawati la katikati, ubao uwe mbele yake sawia. Akikaa pembeni shingo inamuuma kufika saa sita. Kusoma nako ana namna yake, na kila nikiiona moyo wangu unajaa. Sisi tukisoma macho ndiyo yanayotembea juu ya mstari. Yeye macho yamesimama, anakisukuma kitabu. Anakishika pembe mbili na kukipitisha taratibu chini ya macho yake kwenda kushoto, mstari ukiisha anakirudisha kwa haraka na kuanza mwingine. Hakufundishwa na mtu. Kaitoa kwangu: sindano imesimama, kitambaa ndicho kinachokwenda.

Barabarani ndiko ninakohofia. Tanga yetu ni ya baiskeli, na baiskeli haina mlio. Wewe na mimi tunaiona kwa pembe ya jicho. Somo lazima ageuze kichwa kizima, kulia, kushoto, kulia tena, na tumekubaliana ahesabu kwa sauti kabla ya kukanyaga lami. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwiga. Sasa naona wadogo wanahesabu pamoja naye.

Watu hunitumia habari za upasuaji. Nazijua. Toronto, Kanada, daktari Ronald Zuker na wenzake wamewafanyia watoto wengi: wanachukua kipande cha msuli wa paja la ndani, wanakipandikiza shavuni na kukiunganisha na neva ya kutafuna, mtoto anajifunza kutabasamu kwa kuuma meno. Ni kazi kubwa na ya ajabu, na midomo ikibana vizuri hata matamshi na kula vinaweza kunufaika. Siipingi. Ila sitaki iwe kwa ajili ya mwalimu yule, wala kwa ajili ya wateja wangu. Akikua akasema anaitaka, nitauza hata cherehani. Nilimweleza siku moja, akauliza, "Nikila muwa, nitakuwa nachekacheka?" Nikamwambia pengine kidogo. Akatikisika mabega mpaka akajishika tumbo.

Yuko mwanasaikolojia Marekani, Kathleen Bogart wa Chuo Kikuu cha Oregon State, aliyezaliwa na Moebius. Yeye na wenzake waliwachunguza watu wenye uso usiosogea, wakakuta waliozaliwa hivyo hutumia sauti, mikono na mwili kujieleza kuliko wale waliopatwa ukubwani. Niliposoma hilo nilimtazama Somo akimsimulia bibi yake habari ya paka aliyeiba dagaa: mikono yote miwili hewani, sauti ya paka, sauti ya mwenye dagaa, mguu unapiga sakafu.

Sare ile niliyokuwa napachikia zipu ilivaliwa Jumapili. Tulikwenda ukumbini wote watatu, mimi, bibi na Somo, tukakaa meza ya nyuma karibu na feni, Somo na miwani yake. Mimi na yeye tuna alama yetu ya mahali pa kukaa kimya: jambo likimchekesha sana hunifinya kifundo cha mkono mara mbili. Wazee wamesimama, ukumbi umetulia, mshereheshaji akachukua kipaza sauti kumkaribisha bibi harusi, akataja jina la mama mkwe wa bibi harusi. Kimya. Chini ya meza nikasikia vidole vidogo: moja, mbili. Nikageuka. Ameketi wima, mikono imerudi mapajani, ametulia kuliko wazee wote ukumbini. Mimi nilizibwa mdomo na ncha ya mtandio wangu mwenyewe, nikainama kama ninayetafuta kiatu, na bibi akanikata jicho kutoka upande wa pili wa meza: "Mama Somo! Mwangalie mwenzio alivyo na adabu."

Vidole vikanifinya tena, mara mbili.